Hatukupima gunia: kisa cha mradi wa lumbesa kidato cha kwanza

Mvua ya Rungwe ikipiga bati lisilo na dari, mwalimu hunyamaza. Hakuna namna nyingine. Unasimama na chaki mkononi, watoto wanakutazama, mnasubiri ipungue. Nafundisha Jiografia mwaka wa sita sasa katika shule ya kata iliyo upande wa juu wa barabara ya Mbeya–Tukuyu, si mbali na Isongole, na ukimya huo nilishauzoea. Ulionishinda ni mwingine: ule wa Januari, mvua imekatika, jua limetoka, na darasa bado kimya.

Watoto walikuwa 62, kidato cha kwanza. Nyumbani wengi wao wanaongea Kinyakyusa, watano Kisafwa, na mmoja ni mtoto wa askari aliyehamia kutoka Mara. Kiswahili wanacho wote. Ndicho walichosomea darasa la kwanza mpaka la saba. Watatu tu walitoka shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza. Waliobaki Kiingereza walikiona kama somo, vipindi kadhaa kwa wiki, na Januari hiyo wakaamka wakikuta masomo karibu yote yamehamia huko. Yaliyobaki kwa Kiswahili ni Kiswahili chenyewe na Historia ya Tanzania na Maadili. Mwenzangu anayefundisha hilo la pili hutoka darasa hilohilo akilalamika kwamba wanabishana mno. Mimi naingia dakika tano baadaye, nauliza swali, na 59 wanainamia madaftari.

Mlango wa ofisi ya walimu una karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: "No English, No Service." Asubuhi moja nilimkuta binti amesimama nje ya mlango huo, midomo inacheza, hatoi sauti. Nilidhani anasali. Kumbe anakariri sentensi ya kuombea ruhusa, na tumbo linamuuma. Ndiye atakayerudi sana katika kisa hiki, kwa hiyo nitamwita binti wa dirishani, maana ndipo alipokaa.

Majaribio mawili yaliyoanguka

Nianze na nilichokosea, kwa kuwa nilikosea mara mbili na kila mara nilikuwa na sababu nzuri.

Jaribio la kwanza lilikuwa vianzio vya sentensi. Nilinunua manila, nikaandika kwa maka pen maneno ya kumsaidia mtoto kuanza: "I think… because…", "The picture shows…", na mengine kama sita. Nikabandika ukutani pamoja na orodha ya maneno magumu ya mada. Watoto walivitumia kwa utiifu mkubwa. Mmoja aliandika: "I think the Earth is round because it is round." Sarufi haina kasoro. Nilimpa vema na nikabaki naiangalia ile vema. Kianzio kilimpa pa kuanzia, ila hakukuwa na kitu alichotaka kukisema, basi akazunguka akarudi palepale alipotokea.

Jaribio la pili lilikuwa mradi. Makundi ya watu wanane, kila kundi litengeneze jua na sayari zake kwa udongo, nyuzi na vijiti vya mianzi. Palikuwa na furaha, sikatai. Zohali ya kundi moja ilikuwa na pete ya waya wa baiskeli. Mkuu wa shule akapiga picha. Lakini siku ya kueleza kazi, kila kundi lilimsukuma mbele mtu mmoja, na palipokuwa na mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza ni huyohuyo, akasoma alichoandika mwenyewe. Saba walikuwa mafundi wa udongo. Nilipomuuliza mmoja wao, kwa Kiswahili, kwa nini Zebaki iko karibu na jua, alisema: "Madamu, sisi tuliambiwa tukande."

Kwa hiyo vianzio bila jambo la kusema vilizaa kasuku, na mradi bila kazi ya lugha ukazaa wafinyanzi saba na msemaji mmoja.

Hapa watu husema suluhisho ni kubadili lugha ya kufundishia, basi. Mjadala huo si mgeni Nyanda za Juu Kusini. Jackson Makweta, mtu wa Njombe, aliongoza tume ya rais ambayo ripoti yake ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali ya wakati ule haikulichukua pendekezo hilo, na tangu hapo tumelizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nina maoni yangu. Lakini kesho asubuhi naingia darasani, na upimaji wa kidato cha pili unakuja kwa Kiingereza. Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha mbili huko Kanada, alitofautisha tangu 1979 lugha ya kupigia soga na lugha ya kusomea, na kwa hesabu yake hii ya pili humchukua mtoto mgeni miaka mitano hadi saba, tena akiwa ameishi katikati ya wanaoizungumza. Watoto wangu wanaishi katikati ya viazi.

Viazi vyenyewe ndivyo vilivyonipa jibu.

Ijumaa moja mwanzoni mwa Machi nilikuwa barabarani nasubiri kosta ya kwenda mjini. Pembeni Fuso inapakia. Binti wa dirishani yuko pale na mama yake, bado na sketi ya shule, na mbele yao kijana wa dalali anajaza gunia kwa debe. Kila debe limepanda juu ya ukingo kama mlima Rungwe. Binti akashika debe.

"Kaka, hilo sio debe, hilo ni debe na nusu yake. Sawazisha."

"We mtoto, viazi havisawaziki, sio mahindi."

"Vinasawazika. Toa hivyo vitatu vya juu, weka vidogo kwenye mianya."

Akavitoa mwenyewe. Akaweka vidogo. Kijana akacheka, ila akajaza alivyoelekezwa. Gunia likaendelea kupanda hata hivyo, likavuka mdomo, likafumiwa kamba na majani juu, lumbesa kamili. Nilikosa kosta mbili nikimtazama. Huyu mtoto ndiye aliyenikalia kimya wiki nane.

Neno moja, kazi tano

Mradi ulikuwa na swali moja: gunia la viazi linalotoka huku lina kilo ngapi, na mkulima analipwa kilo ngapi? Nilimwomba mwalimu wa Hisabati tushirikiane, kwa kuwa vipimo na makadirio vimo kwenye muhtasari wake, na kilimo kimo kwenye wangu. Tukakubaliana wiki nne, vipindi viwili mfululizo kila wiki. Jambo ambalo sikuliona wakati ule, na sasa naliona ndilo lililobeba kila kitu, ni kwamba jibu sikulijua. Sijawahi kulima kiazi. Kwetu ni Kyela, tunajua mpunga na kokoa.

Wiki ya kwanza hatukugusa Kiingereza. Niliwaambia wazungumze kwa lugha yoyote waelezane jinsi gunia linavyojazwa, kila hatua. Kelele ilizidi ya mvua. Nikapita na daftari, naandika sentensi zao kama walivyozitamka. Hapo nikagundua kosa ambalo nililirekebisha wiki iliyofuata: nilidhani "lugha yoyote" ni ruhusa kwa wote, kumbe Kinyakyusa kilichukua darasa zima, na Wasafwa wangu watano na yule wa Mara wakawa wageni mara mbili, kwanza kwenye Kiingereza, halafu kwenye kundi lao. Tangu hapo kanuni ikawa hivi: wawili wanaoelewana waongee wanachotaka, ila kundi likikaa pamoja ni Kiswahili. Anayeruhusu lugha za nyumbani aangalie kwanza nyumbani kwa nani.

Kisha tukajenga jedwali ukutani. Safu ya Kiswahili, safu ya Kiingereza, na safu ya tatu ya lugha za nyumbani ambayo waliijaza wenyewe, kwa kuwa mimi sikuwa na mamlaka ya kusahihisha Kisafwa. Maneno mengi yalipita haraka: gunia, debe, mzani, mkulima, bei. Tulikwama kwenye kupima, tukakaa hapo kipindi kizima, na sijutii.

Kwa Kiswahili ukipima viazi kwenye mzani ni kupima. Ukipima urefu wa shamba ni kupima. Daktari akikuchukua damu anakupima. Afisa ardhi akija na vigingi vyake anapima viwanja. Mwalimu akitoa jaribio, anapima. Kiingereza kinakataa kutumia neno moja kwa yote hayo. Watoto walikuwa wameandika "We tested the sack", na kwa kamusi hawakukosea, ndivyo walivyolikuta. Tukachora gunia limelala kitandani, daktari anachukua damu. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Baada ya hapo hakuna aliyerudia kosa hilo. Tukaweka "weigh" kwa mzani, "measure" kwa urefu na ujazo, na "test" tukamwachia daktari na mwalimu. Ikabaki shida ya matamshi: "weight" na "wait" kwa sikio ni kitu kimoja, na mtoto mmoja akaandika kwamba gunia lina "a big wait". Ukifikiria gunia lililokaa siku tatu barabarani likisubiri Fuso, hakuwa mbali na ukweli.

Vianzio safari hii havikutoka kichwani mwangu. Nilichukua sentensi zao za wiki ya kwanza, kwa mfano "Debe la tano likiingia, gunia linaanza kusimama", nikaweka chini yake kiunzi cha Kiingereza chenye nafasi za kujaza. Mtoto anasoma sentensi yake mwenyewe, anaijua maana kabla hajagusa Kiingereza, kazi yake ni kuivusha tu. Wenye nafuu niliwapa kiunzi kilichokatwa mapema, waliozidiwa nikawaachia karibu sentensi nzima. Kila kundi pia lilipewa masharti mawili. Anayejua Kiingereza zaidi ashike mzani, kalamu izunguke kwa wengine. Na msemaji wa siku ya mwisho atapatikana kwa kura siku hiyohiyo, si kabla. Sharti la kwanza lilinipatia manung'uniko. Kijana mmoja wa mchepuo aliniambia kwa adabu kabisa kwamba wenzake wanaharibu kazi yake.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Mwenye duka jirani alituazima mzani wa kuning'iniza. Gunia zima haliwezi kupandishwa hapo, lingeuvunja. Kwa hiyo tulipima madebe kumi ya viazi yaliyosawazishwa mdomoni, na msimamizi wa kusawazisha mnamjua. Yalicheza kati ya kilo 16.5 na 17.5, wastani ukawa 17. Kisha kila kundi likapata familia moja inayovuna wiki ile, mmoja wao akasimama shambani kuhesabu madebe yanayoingia kwenye gunia moja. Familia tano zilifanikiwa: madebe 7, 8, 7, 8 na nane na nusu. Wastani 7.7. Zidisha kwa 17, unapata kilo 130.9.

Sheria ya Vipimo, sura ya 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo, haitaki mzigo wa mazao uzidi kilo 100. Wiki ile gunia lilikuwa linauzwa shilingi 60,000. Mkulima anayedhani anauza kilo 100 kwa shilingi 600 kila moja, kwa kweli anauza kwa 458. Kilo 31 za juu, kwa bei anayoifikiria yeye, ni shilingi 18,600. Nilipoandika namba hiyo ubaoni, mtoto wa katikati akasema kwa sauti: "Madamu, hiyo si ni viatu vya shule?" Sikumkumbusha aseme kwa Kiingereza.

Siku ya mazoezi

Wiki ya tatu walikuwa wanaandika manila yao. Kundi la yule kijana wa mchepuo lilitangulia, kazi safi, mwandiko wa kuvutia (kalamu ilizunguka kidogo sana, niligundua baadaye). Sentensi ya kwanza: "We weighed five sacks of potatoes." Niliisoma, nikaona haina kosa, nikasogea kundi la pili. Nyuma yangu nikasikia sauti ndogo.

"Madamu, samahani. Hapo si kweli."

Binti wa dirishani. Nikamuuliza si kweli nini.

"Hatukupima gunia. Tumepima debe. Gunia tumehesabu."

Kijana akajibu kwamba ni kitu kilekile. Yeye akasema si kitu kilekile, kwa sababu debe la shambani kwao na debe la shuleni hayajawahi kuwekwa pamoja, na kama moja limepondeka chini, kilo zote zinabadilika. Nikamwambia, lisemee hilo kwenye manila. Akatazama jedwali muda mrefu. Kisha: "We did not weigh sack. We weigh debe. We count."

Jirani yake akamnong'oneza "counted". Mwalimu wa Hisabati, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatupa neno moja la kwake, "estimated", ambalo lilikuwa ukutani kwa wiki mbili kando ya kukadiria bila kupata mtumiaji. Darasa likaisuka sentensi pamoja, ikafutwa mara nne, ikatulia hivi: "We weighed the tins, counted the tins and estimated the sacks."

Nimeifikiria sana dakika ile. Kijana aliyekuwa na Kiingereza chepesi ndiye aliyekosea, na mimi pamoja naye, kwa kuwa sentensi yake ilikuwa nzuri kiasi cha kutupitisha haraka mahali ambapo ilibidi tusimame. Binti hakuwa na wepesi huo. Alichokuwa nacho ni debe. Alijua kilichotendeka, akaona maneno hayalingani nacho, na hilo likamuuma kuliko aibu ya sarufi. Wiki nane nilikuwa nimempa maneno nikisubiri apate cha kusema.

Neno lumbesa nalo lilitaka uamuzi. Kiingereza hakina neno lake, na mwenzangu mmoja alishauri tuandike "overloaded sack". Watoto wakakataa, gunia lililojaa sana si lazima liwe lumbesa, lumbesa lina kile kichwa kilichofumwa. Tukaliacha lilivyo, wakalazimika kulifafanua: "Lumbesa is a sack which is filled above its mouth and closed with ropes and leaves." Kwa mara ya kwanza nilifundisha kishazi cha "which" bila mtu kusinzia.

Siku ya maonyesho walikuja wazazi kama ishirini. Mmoja hakuja kushangilia. Ni dalali, na mwanawe yumo darasani humo.

"Mwalimu, mnawafundisha watoto kutuita wezi?"

Nilimpa kiti, nikamwomba asikilize hadi mwisho, kisha aseme yeye. Alisikiliza. Halafu akasema jambo ambalo mradi mzima ulikuwa umeliruka: usafiri analipia kwa gunia, ushuru analipia kwa gunia, wapakiaji wanamdai kwa gunia. Gunia likiwa dogo, gharama ni ileile. "Nipeni mnunuzi wa kilo huko mjini, kesho nanunua kwa kilo." Nikatazama manila zetu. Zilikuwa na kiasi gani, hazikuwa na kwa nini. Siku iliyofuata mwanawe, ambaye mpaka hapo alikuwa amejificha kwenye kazi ya kuchora, aliongeza mstari chini ya manila ya kundi lake: "Transport is paid per sack, not per kilogram." Aliuandika peke yake. Nilimuuliza nani kamsaidia, akasema baba kasema, yeye kavusha tu.

Gharama niiseme. Vipindi vinane vilikwenda, na mpaka sasa niko nyuma ya muhtasari. Mwenzangu wa taaluma alinikumbusha kwamba mtihani haujibiwi kwa Kiswahili wala kwa Kisafwa, na ni kweli. Mtihani wa muhula haukuwa na swali hata moja la lumbesa. Wastani wa darasa ulipanda kidogo, kiasi ambacho sitakitangaza, maana mada nazo zilikuwa nyepesi. Kilichobadilika waziwazi ni nafasi zilizoachwa wazi: maswali ya kueleza, ambayo mwezi wa pili yalirudi meupe, mwezi wa sita mengi yalikuwa na kitu, hata kama ni mistari miwili yenye nyakati zilizochanganyika. Binti wa dirishani alipata 38. Februari alikuwa na 21. Bado amefeli, kwa hesabu ya shule. Kuna watoto kama kumi ambao sikuona chochote kwao, na wanne kati yao ni wale ambao familia zao hazilimi viazi.

Karatasi ya mlangoni bado ipo. Nilipendekeza iondolewe kwenye kikao, tukakubaliana kwamba mgonjwa na anayeomba ruhusa ya msiba wahudumiwe kwa lugha yoyote. Ni nusu ya nilichoomba.

Mada inayofuata ni ramani, na huko sina lumbesa. Nina manila, rangi na kitabu chenye ramani ya mji nisioufahamu mimi wala wao. Kitabu nitakifunika kwanza. Jumatatu nitawauliza nani anajua njia ya mkato ya kutoka shuleni hadi sokoni Isongole bila kukanyaga lami, ile wanayopita wakichelewa. Miaka sita nimekaa hapa na siijui.